Ukurasa wa Tisa

Tampere, mwezi Machi, theluji imegeuka uji wa kijivu,
nami ndani ya tramu nimepakata kichwa changu.
Kichwa cha pili, nisieleweke vibaya:
sponji ya godoro la kambi, gundi ya moto,
na taa ya baiskeli niliyoipachika kwenye paji.
Mama mmoja ananitazama, kisha anatazama dirisha.
Sisi Wafini hatuulizi. Ni adabu yetu,
na leo inaniuma kidogo, maana natamani kuulizwa.

Ningemwambia: mimi ni Mshika Taa wa meli ya Kutu,
toleo la nne, ukurasa wa tisa,
picha tatu tu, na katika ya tatu nimeshakufa.
Mchoraji hakunipa hata jina.
"Ensio," Jorma huniambia kazini,
"katika watu mia mbili umemchagua huyo?"

Jorma na mimi hubadilisha matairi.
Oktoba tunayavika magari viatu vya barafu, Aprili tunayavua,
na katikati, kahawa ikipoa, tunabishana
kama meli ile ingeweza kugeuka ndani ya pete za sayari
bila kukatika mkia.
Ana chaki, ana sakafu. Anachora.
Mimi nasema ingeweza. Mwaka wa sita huu nasema ingeweza.

Nyumbani nina rafu, na rafuni visanamu arobaini na kimoja.
Jumapili navipangusa kwa brashi ya kunyolea,
na kila mara namgeuza nahodha, kidogo tu,
amtazame yule waliyekosana naye.
Hawajasemezana bado. Ila naona dalili.

Ukumbini kunanuka mdalasini, jasho, dawa ya nywele.
Binti mwenye mabawa ya mita mbili anapita mlangoni kiubavu,
samahani, samahani,
unyoya wake mmoja unabaki kwenye kahawa yangu.
Majini watatu wamepanga foleni ya choo.
Mfalme wa kuzimu, suruali imemfumuka, anaomba pini.
Nampa. Kila mwaka naja na pini thelathini
na narudi mikono mitupu.

"Wewe ni jokofu?" kijana ananiuliza.
"Mnara wa taa?"
Mwingine ananikabidhi kikombe, akidhani mimi ni mtambo wa kahawa.
Nacheka mpaka sponji inatikisika.
Anayetaka kujulikana avae unahodha;
manahodha leo wako kumi na saba, nimewahesabu.

Kisha, kwenye meza ya matoleo ya zamani,
bibi mwenye fimbo na sweta la sufu anasimama.
Ananipima kuanzia buti hadi taa.
"Ukurasa wa tisa," anasema,
kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa.
Koo linanikauka.
"Naiwasha taa," anaanza.
"Ili wajao waone nilipoangukia," namalizia.

Jina lake Helka. Yeye ndiye aliyeyaandika
maneno yale ndani ya viputo, toleo letu la Kifini,
kwa mkono, kwa malipo ya ukurasa.
"Siku ile nilikuwa na mafua," anasema.
"Nilikosea. Asili yake ilikuwa *niliposimama*.
Nikaandika *nilipoangukia*. Hakuna aliyegundua."

Sikumjibu upesi.
Neno lile nimelishona ndani ya vazi,
upande wa moyo, kwa uzi mwekundu,
pasipoonekana na mtu.
"Usilisahihishe," nikamwambia hatimaye.
Akatoa mfukoni pipi nyeusi ya chumvi, akanipa,
nasi tukasimama pale tukimung'unya,
watu wakitupita, mabawa, mapanga, mikia.

Jumatatu gundi bado imeganda kwenye kucha.
Jorma ameshachora pete zake sakafuni.
"Haigeuki," anasema.
Nipe chaki.