Viatu vya Wekulo

Mara ya kwanza nilidhani ni mwizi.
Soko la Burma, saa moja asubuhi,
wauza nyama wamepanga foleni mbele ya jiwe langu,
visu vimeviringishwa kwenye gazeti la jana.
Akaja kijana mrefu wa Kaloleni,
akaweka mezani viatu viwili vyenye upanga chini ya soli.
"Mama Nduta, unaweza kunoa hivi?"
Nikamuuliza: utamchinja nani kwa teke?
Hakucheka mtu ila Barasa, muuza matumbo.

Nilijifunza kwa kuharibu.
Kisu kina makali upande mmoja na mgongo wa kupumzika.
Upanga wa barafu hauna mgongo:
makali huku, makali huku,
katikati mfereji mwembamba kama mstari wa daftari.
Jozi ile niliiunguza. Hakununa.
Alikwenda nayo hotelini, kando ya Barabara ya Mombasa,
huko ghorofani wanakofuga barafu,
akaanguka mara kumi na moja,
kesho yake akaja kunihesabia.

Alikuwa beki.
Alinieleza maana yake huku akinywa chai yangu:
mshambuliaji hukumbukwa kwa alichofunga,
beki hukumbukwa kwa kilichompita.
Kazi ni kwenda kinyumenyume
ukimtazama usoni anayekujia kwa kasi,
bila kugeuka kuona ukuta uko wapi.
Nikamwambia, hiyo naijua, nimelea wanne.

Kisha Slovakia, mkataba wa miezi saba.
Hungaria, nusu msimu.
Uturuki, ambako klabu ilikufa Februari
wakamlipa nusu pesa, nusu lozi
(nilipewa kilo mbili, zilikuwa tamu).
Poland. Slovakia tena, mji mwingine, daraja la chini.
Kila Juni alirudi na viatu ndani ya kiroba
nami niliisoma safari yake kwenye chuma:
hapa aliupokea mpira kwa mguu badala ya gongo,
hapa fundi wa huko alikuwa na haraka zake,
hapa hakupangwa wiki nyingi,
kutu imetambaa kama ukurutu.

Meno mawili yalibaki Poland.
Goti la kushoto alirudi nalo, si lote.
Misimu kumi na moja, magoli sita.
Barasa alilitafuta jina lake kwenye simu,
likaja Vekulo, likaja Wekula,
na namba mgongoni tofauti kila mahali,
maana anayefika mwisho
huvaa jezi iliyobaki.

Mwaka juzi alitokea Novemba.
Novemba si mwezi wa mtu wa barafu kuonekana Nairobi.
Sikuuliza.
Aliketi juu ya kreti ya soda,
mvua inapiga mabati, mtaro unapita na manyoya ya kuku.
"Ninoe vipi?" nikasema.
Kwa sababu wa mashindano hunolewa kwa kina,
wa kufundisha watoto hunolewa juu juu.
Aliwatazama wauza nyama kwa muda mrefu.
Mmoja alikuwa anabishania mfupa.
"Juu juu," akasema.

Siku hizi, Ijumaa, huleta gunia zima,
viatu vya mitumba vya watoto wa Kayole na South B,
cha kushoto si ndugu wa cha kulia.
Nilikwenda kumwona mara moja. Nilivaa makoti mawili.
Watoto walimjia kama mbuzi waliofunguliwa zizi
naye akarudi nyuma, nyuma,
gongo moja, mkono mmoja wazi,
ukuta uko hapo, hauoni,
nikainuka nimpigie kelele
akasimama. Kwa makali ya ndani, mguu mbovu.
Unga mweupe uliruka hadi kwenye ubao.

Mchezo siujui. Makali yale niliyajua.
Na ya Ijumaa ile
hajanilipa bado.