Soksi ya Kijani

Aliyeniuzia alihesabu noti mara mbili,
akazikunja, akalipapasa tangi
kama shingo ya ng'ombe anayetolewa zizini.
Buriani hakusema. Alisema:
"Gia ya tatu ina ukaidi. Usiilazimishe. Iombe."

Hiyo ilikuwa Jumanne.
Leo Ijumaa tuko Barabara ya Kirinyaga,
kwenye udongo mweusi ulioshiba oili
hata mvua ikija haunywi tena.
Ondiek amechuchumaa, sikio karibu na injini,
jicho moja kalifumba,
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.
"Mwenyewe anakuja saa ngapi?"
"Mwenyewe ndiye huyu aliyekushikia tochi."
Akanitazama. Akaufuta mkono kwenye suruali,
akanisalimu upya.

Basi, kazi.
Oili ya zamani ilitoka taratibu,
vumbi la chuma likimetameta ndani yake.
Plagi ilikuwa na masizi ya kutosha kuandikia barua.
Tairi la nyuma lilikuwa na upara wa karani wa benki;
jipya lilimeza pesa nilizoweka za pazia,
na kwa kuwa pazia haliendi Wundanyi
sikulia.
Mnyororo tuliukaza, kisha tukaulegeza kidogo.
"Ukiubana sana utakukatikia Mtito, usiku,
na huko hakuna wa kumwita ila fisi,"
alisema, nati ikiwa katikati ya meno yake.

Ndipo tukafungua kiti.
Chini yake, pale waya za taa zinapokwaruzana na chuma,
mtu alikuwa amezivisha soksi.
Soksi ya mtoto, ya kijani, kisigino kimetoboka,
imefungwa kwa uzi na mikono isiyo na haraka.
Nikanyoosha mkono kuitoa.
"Wacha," Ondiek akasema. "Iko kazini."

Nimeiwaza soksi hiyo hadi Tassia.
Mguu wake sasa umefika saizi gani?
Je, ni wao, mguu huo,
uliofanya noti zihesabiwe mara mbili?

Kaka yangu Kilelu alinicheka kwenye simu:
"Dada, kwani mabasi yamekwisha?"
Hayajaisha. Nimeyapanda miaka tisa,
nikashushwa Voi na mizigo yangu
nikingoja wa kunipandisha mlimani
kwa saa yake na kwa bei yake.
Miaka tisa nafikishwa.
Mara hii nataka kufika.

Usiku pikipiki imelala chumbani,
kati ya jiko na kitanda,
maana huko nje ina wachumba wengi.
Ugali umenuka petroli, nikaula.
Begi nimelikaza kwa mpira wa tyubu:
koti la mvua, spana ya kumi na mbili, plagi ya akiba,
dawa ya mama ya goti,
mchele kilo mbili ambao hauhitaji
lakini atauulizia.

Mita yake imekwama
kwenye elfu sitini na moja, mia nne na nane.
Hapo ndipo ilipochoka kuhesabu,
labda darajani mahali fulani,
labda mwenye soksi akiwa amembana baba kiunoni.
Kesho saa kumi na moja,
kabla malori ya Mlolongo hayajaanza kukohoa,
nitaisukuma hadi nje bila kuiwasha
nisije nikawaamsha watoto wa Nzilani,
na kilomita zote mpaka kwetu
haitaziandika popote.

Injini bado inapoa. Tik.
Kimya.
Halafu tena, tik.
Nautoa mguu nje ya blanketi,
naitafuta pedali ya gia kwa kidole gumba,
gizani,
naiomba.