Pipa Juu ya Barafu

Majira ya kuchipua niliyasikia kabla sijayaona,
kwenye kisanduku cha barua cha Hilkka Niskala:
tone moja, ti,
likagonga bati, likanyamaza
kama mgeni aliyebisha hodi akajuta.
Nikasimama, magazeti mkononi.
Ti.
Nikasema, Karibu. Hakuna aliyenisikia
ila mbwa wa jirani, naye ni kiziwi.

Miezi sita nimesukuma kigari changu njia hii,
vyuma vyake viwili vikinong'ona juu ya theluji.
Leo vimekwaruza kokoto, mlio wa kisu
kinachonolewa na mtu asiyejua kunoa,
na sikumbuki ni lini kelele ilinifurahisha hivyo.

Theluji imeanza kulipa madeni.
Imerudisha koleo la shule, kijiko, tairi la baiskeli,
meno ya bandia ya mtu ambaye hataki atajwe.
Na kati ya banda la kuni na mlango wa Hilkka
imerudisha glavu ya kulia ya Oiva,
kidole gumba kimekunjwa bado
kana kwamba mpini umechomolewa sasa hivi.
Oiva tulimzika mwezi wa pili;
wachimbaji waliilainisha ardhi kwa moto siku mbili.
Nilipoinama kuiokota, Hilkka alisema dirishani,
"Iache. Ikaukie hapo alipoiangusha."

Katikati ya Mto Tornio limekaa pipa jekundu,
limefungwa waya unaofika hadi saa ya ukutani
dukani kwa Taimi.
Barafu ikiondoka, pipa huondoka,
waya hukatika, saa husimama,
na huo ndio mwaka mpya wetu, kalenda iseme itakavyo.
Kila mtu huandika kwenye daftari siku na saa yake, euro tano.
Oiva aliandika tarehe tisa ya mwezi wa tano, saa sita mchana,
miaka thelathini na mmoja mfululizo,
na miaka yote hiyo hakukosa kukosa.
Mwaka huu pia aliwahi.
Mwandiko unatetemeka, lakini tisa ni tisa.

Ng'ambo ni Uswidi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja,
kwa hiyo kila jambo la mto hutokea mara mbili.
Korongo walipita juu ya paa langu saa tatu asubuhi
wakatua kule saa mbili,
shingo ndefu, bila haraka, wamejipatia saa nzima ya bure.

Usiku wa tarehe tano nikaamshwa.
Ilikuwa kama ghala lililojaa makabati,
yote yakiburutwa kwa pamoja.
Tukatoka na makoti juu ya nguo za kulalia,
giza halikutosha hata kuwasha tochi.
Vipande vya barafu vilipandana mabega,
vikasukumana kama watu mlangoni pa zahanati,
na pipa likasita,
likainama kidogo,
likaenda.

Saa ya Taimi ilisimama saa tisa na dakika kumi na saba.
Ng'ambo sauti ikapaza: saa nane na kumi na saba!
Tukabishana na nchi nzima juu ya maji.
Aliyeshinda ni Kerttu, miaka saba,
aliyechagua saa hiyo kwa sababu hapendi kulala.

"Siku nne," akasema Hilkka. "Amekosa kwa siku nne.
Hajawahi kukaribia hivi, mjinga yule."
Akacheka hadi akanishika bega,
na mkono ulionishika ulikuwa na glavu
kubwa kuliko mkono.

Kisha mto ukaleta mizigo ya watu wa juu:
gogo, mlango wa banda, ndoo,
na benchi moja la mbao, wima kabisa
juu ya kipande chake cha barafu,
likipita polepole kama lina mtu.
Tukalipungia.