Nukta za Bluu

Kwenye ramani ya wilaya, ukutani kwa Bwana Maji,
Nakihungu hakina jina.
Ni nukta za bluu. Nilizihesabu, kumi na saba,
nikisubiri karatasi yangu isainiwe.
Nukta, akasema, maana yake kijito cha msimu.
Nikanyamaza. Nilikuwa na shida ya saini.

Lakini hapa nitasema.

Kinaanzia juu, Rondo, kwenye paa la Somoe Litunu.
Nyumba yake imekaa mgongoni mwa kilima
kama mtu aliyepanda punda.
Mvua ikipiga, bati la kusini linamwaga kwetu,
maji yashuke taratibu hadi Lukuledi;
bati la kaskazini linamwaga Mbwemkuru,
kwa watu ambao hata salamu zao hatuzijui.
Somoe ana pipa moja.
Masika haya kaliweka kusini, yajayo kaskazini:
"Nisije nikaitwa mwizi na pande zote mbili."

Kisha maji yanapotea.
Mchanga mwekundu unayanywa bila ahsante,
na watu wa juu wananunua ndoo kwa mia tano
wakiwa wamesimama juu ya maji.
Yanatembea gizani, chini ya mihogo, chini ya mbaazi,
chini ya makaburi ya akina Nantaka,
siku ngapi sijui, pengine miaka,
mpaka mfinyanzi uyazuie njia: basi, tokeni.

Yanatokea kwenye kisiki cha mvule,
membamba kama uzi wa kushonea gunia.
Tega bakuli, hesabu hadi tisini, ndipo lijae.

Mkono wa kushoto kinaingia Chipwapwa,
kitoto cha maji kutoka kwenye mikorosho,
mwezi wa sita kimevaa vumbi la salfa,
njano ya kiini cha yai.
Vyura wa pale tunawajua kwa ukimya wao.

Chini zaidi, Nakihungu kilikuwa mpaka:
huku Fakihi, kule Mkapunda.
Mvua ya elnino ikakihamisha hatua arobaini, usiku mmoja.
Asubuhi Fakihi akaamka na mikorosho tisa zaidi,
Mkapunda akaamka na kesi.
Wote wawili wamekwisha kufa. Kesi haijafa.
Wajukuu wanakiita kijito kuwa shahidi
na kijito, kila masika, kinabadili maelezo.

Kweli, mwezi wa kumi hukioni.
Mchanga mtupu, nyayo za nguruwe, jani la mgomba.
Ndipo Bwana Maji alipopita, akachungulia darajani
kupitia dirisha la gari, akaandika.
Angeshuka angemkuta mama
amelala kifudifudi, mkono umezama shimoni,
kifuu kikikwaruza huko chini.

Hicho ndicho kipimo chetu:
mwezi wa saba maji yako kwenye kiganja,
wa tisa kwenye kiwiko,
wa kumi begani.
Mwaka mmoja tu shavu lake liligusa mchanga.
Hata mwaka huo alirudi na nusu ndoo.

Saini nilipata.
Simu ikaita, akatoka nje kuongea,
akaacha kalamu mezani, ya bluu.
Nikaanza juu, kwa Somoe, nikiunganisha nukta,
ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu,
wino ukishuka vizuri kabisa.
Viatu vyake viliposikika vikirudi
nilikuwa nimefika mikorosho ya Fakihi,
kalamu juu ya karatasi,
sijui niipitishe upande upi.