Lita Arobaini

Kila Ijumaa usiku, hapa Ntinda, nyuma ya karakana
ninamofufua majokofu ya watu,
nafunga mlango, nafungua bomba la chujio.
Maji ya Ziwa Nyanza hupita tabaka tatu,
yakiacha klorini, yakiacha kutu ya mtaa,
yakiacha hata jina la ziwa,
yakashuka tone, tone, tone,
hayana ladha, hayana kabila.
Lita arobaini: saa saba za kungoja.

Kisha mizani, ile ile ya kupimia gesi.
Gramu thelathini na tano kwa kila lita,
jumla kilo moja na mia nne
za chumvi ya ng'ambo, ndoo ina picha ya tumbawe.
Bei sitaitaja; mke wangu husoma ninayoandika.

Na sheria ni moja: chumvi ndiyo huyafuata maji.
Ukimimina maji juu ya chumvi
chokaa hugoma, hujikunyata chini kama majivu,
na hakuna mwiko utakaoibembeleza.
Nilijifunza hilo kwa ndoo mbili nilizomwaga
na samaki mmoja wa bluu
ambaye sitaki kumzungumza.

Mama alikuja wiki ya Pasaka, kutoka Katwe.
Watu husema mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Mama hakuila. Ilimla yeye:
miaka ishirini na sita ndani ya kisima chake cha chumvi,
maji ya magadi yakimfika mapajani,
ngozi ikichanika, ikipona, ikichanika,
mpaka ikachoka kuuma.
Kwa vibaba vile nilinunuliwa kalamu, sare,
na nauli ya kuikimbia Katwe.

Akasimama mlangoni, akaiona pampu ikizungusha maji.
"Muhindo, hicho ni nini?"
"Bahari, mama."
"Na kile cheupe?"
"Chumvi."
Akauliza bei. Nikamwambia.
Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Nitakuletea gunia la kwetu. Bure."
Nikamweleza: chumvi ya Katwe ina magadi yake,
ina hasira za volkeno;
samaki wa bahari haivumilii hata asubuhi moja.
Akaitazama miguu yake.
"Sisi tuliivumilia."

Nikakosa la kujibu, nikashika kipimo,
nikadondosha tone kwenye kioo, nikakielekeza kwenye balbu.
Mstari wa bluu umelala panapotakiwa,
thelathini na tano kamili.
Yeye akachovya kidole.
Akalamba. Akafumba jicho moja.
"Hii? Hii ndiyo bahari wanayoiogopa watu?
Huu mchuzi wa mgonjwa."

Saa nane usiku umeme ulikatika.
Pampu ikanyamaza; ukimya ndio ulioniamsha.
Nikakuta tochi ya simu inawaka karakanani,
mama amekalia jokofu la mteja lililolazwa,
kashika mwiko wa posho,
anakoroga taratibu, kulia, kisha kushoto,
asiinue povu.
Mguu mmoja ameunyoosha, makovu yanameta.
Ndani ya tangi samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa
wamepanda juu, midomo inagusa hewa.

Sikumwambia kwamba ndoo ile iliyeyuka tangu jioni,
kwamba ndoo hungoja, tangi ndilo lisilongoja.
Nilichukua kikombe cha chai,
nikayachota maji ya tangi, nikayamwaga toka juu,
nikayachota tena,
yeye kwake, mimi kwangu,
hatukuzungumza isipokuwa mara moja:
"Wanapumua?"
"Wanapumua."

Saa kumi na moja balbu ikawaka,
pampu ikashtuka, ikaanza kuunguruma.
Mama akaiangalia
kama mfanyakazi aliyechelewa zamu,
akaendelea kukoroga.