Nukta ya Sekunde Thelathini

Waya umeanzia kwenye mti wa siala,
umeishia tangi la maji la jirani.
Nami niko Nyalenda, juu ya duka la vipuri,
natazama samawati ikiteremka kiooni
kama mvua isiyofika chini.
Hapa hatusikilizi. Nukta hutua, mstari hujinyoosha,
na jicho ndilo linalosoma.

Jina la kazi hii ni QRS, ukaongeza S.
QRS ni ombi: punguza mwendo.
S ya pili haimo kwenye orodha ya zamani;
ni mtu aliyeombwa pole akajibu polepole,
jinsi ulimi wetu ufanyavyo
neno likitaka kukaa kitako.

Kisha namba, na hapo wageni huteleza.
Awino wangu, darasa la sita, aliuliza:
"Mama, kumi inakimbia kuliko tatu?"
La. Tatu ni sekunde za nukta moja.
Kumi ni kumi. Mstari ni nukta mara tatu.
Herufi K, kwa kumi, ni dakika moja na nusu;
utachambua mchele wa watu wawili.
Namba inanenepa, mwendo unakonda.

Mimi sikushangaa.
Ni Akeyo: mavuno yalikuwa shambani nilipozaliwa.
Kaka yangu Owuor ni usiku wa manane.
Watu wetu hawakuuliza mtoto atakuwa nani,
waliuliza saa ngapi.

Lanet, kando ya Nakuru, yuko Kipchirchir.
Jina lake ni haraka: mama yake hakuwahi kuvuka ua.
(Methali mnayoifikiria, kaeni nayo.)
Miaka tisa tulibishana hewani.
Yeye hakutaka namba. Tatu aliiita kinyonga,
kumi kobe, thelathini konokono.
Nikamwambia, kobe wa nani?
Kobe wa Lanet si kobe wa Kisumu,
ila sekunde ni sekunde.
Alicheka kwa kinyonga, nukta kumi na moja.

Machi, kiharusi.
Wiki saba kioo kilikuwa na radi tu,
michirizi myeupe ya alasiri zetu.
Nilipiga simu. Jebet akamwekea sikioni.
"A," akasema. Nikangoja. "Ke."
Salio likaisha.

Jumapili moja, mabati bado yanadondosha maji,
alama ikatokea pale pale pa zamani,
chini kidogo ya kelele, nyembamba kama uzi wa kushonea.
Haikuwa kompyuta. Nilipima kwa saa ya mkononi:
nukta ya thelathini na moja, ya ishirini na saba,
ya thelathini na nne. Mkono wa kushoto,
mkono usiojua kuandika.
A. K. E.
Awino akaleta kiti, akaacha kuuliza.
Y ilichukua dakika sita na nusu.
O ilikuwa na mistari mitatu,
wa mwisho ukayumba, ukashuka, haukukatika.

Jina langu zima: dakika ishirini na tano na ushei.

Kwenye daftari, safu ya mwendo,
nikaandika 30. Nikaitazama.
Thelathini ipi, kati ya zile?
Nikaikata kwa kalamu,
nikaandika konokono.

Kisha nikaanza kumjibu, mstari wa kwanza wa K,
na jikoni wali ukaanza kunuka.
Uungue.