Nafaka ya Kipagani

Jina langu la ukoo ni Kroupa. Kwa lugha yetu, huku Moravia,
ni punje ya shayiri iliyokobolewa. Cheka tu.
Daktari wa Přerov naye alicheka,
kisha akanionyesha picha ya utumbo wangu
uliochakaa kama zulia la hoteli ya zamani,
akasema: Mzee Vendelín, ni gluteni. Basi tena.

Miaka thelathini na minane nililala karibu na shayiri
kuliko nilivyolala karibu na mke wangu.
Niliilowesha, nikaitandaza sakafuni kina cha shubiri,
nikaipindua kwa sepetu la mbao saa tisa usiku,
saa tano asubuhi, saa moja jioni,
vimizizi visije vikashikana vikawa mkeka.
Chumba kizima kilinukia matango.
Nilirudi nyumbani na vumbi lake kwenye pindo za suruali,
kwenye nyusi, kwenye mashuka.
Kikulacho ki nguoni mwako:
sikujua kuwa methali hupimwa maabara, kwa tone la damu.

Mwaka wa pili huu nakaa baa kwa Hedvika
na maji ya chupa, yenye gesi.
Wenzangu hunitazama kama mfiwa
wasiyejua wampe pole gani.

Jumapili akaja Zdislava, mjukuu wa dada yangu,
na chupa isiyo na lebo, kizibo kimefungwa kwa waya.
Pohanka, akasema.
Mbegu nyeusi ya pembe tatu, si kubwa kuliko kichwa cha msumari,
isiyo ndugu wa ngano wala shemeji wa shayiri.
Wazee wetu waliipa jina la wapagani.
Bibi aliipika uji siku za mfungo.
Kuinywa, hakuna aliyethubutu.

Nikaomba glasi yangu mwenyewe. Nikainusa kwanza,
kama mtu anusavyo barua ya mdai.
Rangi: chai iliyosahauliwa dirishani.
Povu lilipanda kwa kelele, likakata tamaa
kabla sijahesabu ishirini.
Nyasi zilizonyeshewa baada ya kukatwa, ganda la jozi,
moshi kidogo, na chini kabisa
mfuko wa ndani wa koti la baba.

Nikanywa.

Ulimi ulisimama mlangoni, haukumtambua mgeni.
Utamu ule wa mkate, ninaoujua hata usingizini, haukuwemo.
Mahali pake paliketi uchungu wa udongo
na uchachu mwembamba, sindano.
Kisha, nilipokwisha kumeza nikidhani yamekwisha,
njugu za kukaanga, polepole,
kama mtu anayerudi kuchukua kofia aliyoisahau.

Zdislava alikuwa akikwaruza meza kwa ukucha.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji,
kwa hiyo nilisema: Povu lako halina mgongo.
Akasema: Najua.
Nikasema: Kimea umekikausha kwa pupa.
Akasema: Tanuri ni la mama, la kukaushia plamu.
Akatoa mfukoni gao la kimea chenyewe. Nikakitafuna.
Nikauliza: Unapindua mara ngapi kwa siku?
Akatazama viganja.
Mbili. Ile ya saa tisa usiku nilipitiwa na usingizi.

Kila mtu hupitiwa na ile ya saa tisa.
Sikumwambia. Nilisogeza glasi upande wake, tupu,
nikasema Alhamisi nitakuja mimi, saa hiyohiyo,
na sepetu langu; mpini wake umechongwa na kiganja hiki.
Akashtuka. Hapana, babu. Sepetu lile
lina shayiri kwenye kila ufa.
Uje mikono mitupu. Uvue koti nje.
Unawe hadi kiwikoni.

Sasa ni usiku. Sepetu limeegemea ukuta wa banda,
nami nimepita mbele yake mara mbili bila sababu.
Kesho Hedvika ataniuliza ilikuwaje.
Sijui nitamjibu nini. Kwenye jino la nyuma
limenasa ganda moja, la pembe tatu,
na ulimi, tangu jioni, unalizunguka
bila haraka ya kulitoa.